Karatasi Moja Ndani ya Faili Namba 17

Kwa miaka 6 chama chetu cha akina mama wa Umoja kimekuwa kikitembelea makao fulani ya watoto yaliyo upande wa barabara ya Kangundo, Nairobi, na katika miaka hiyo yote hakuna hata siku moja ambapo bawabu alituuliza kitambulisho. Akishaona magunia ya unga, madumu ya mafuta na kreti za soda, alikuwa akifungua lango kabla dereva hajapiga honi mara ya pili. Sisi tuliuchukulia huo kuwa ukarimu. Leo najua kwamba mtu yeyote mwenye nia mbaya na gunia moja la unga angeingia vilevile.

Nililitambua hilo kwa njia ya mzunguko. Mvua ya masika ilivujisha paa la ofisi ya makao hayo, na kabati la mafaili likalowa. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya serikali kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na msimamizi wa makao alilijua jambo hilo kwa sababu mimi mwenyewe hupenda kulitaja hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Akaniambia, “Mama, wewe ni mtu wa mafaili. Nisaidie kuyapanga haya kabla afisa wa watoto hajaja kukagua.” Nilikubali kwa majivuno. Wenzangu walikuwa jikoni wakipika pilau, nami nikaketi peke yangu katika chumba kile chenye harufu ya karatasi zilizolowa, nikianika maisha ya watoto 38 juu ya meza kama mtu anayeanika samaki.

Nilipaswa kukataa, na nitaeleza kwa nini. Kwanza niseme nilichokiona.

Faili la mtoto aliye katika malezi ya taasisi linapaswa kueleza mambo ambayo mzazi huyajua bila kuandika: mtoto alitoka wapi, aliletwa na nani, siku gani, kwa sababu gani, na ataondoka lini kwenda kwa nani. Ndani yake mtu hutarajia kukuta nambari ya OB, yaani nambari ya tukio lililoandikwa katika kitabu cha kituo cha polisi. Barua ya afisa wa watoto. Amri ya Mahakama ya Watoto. Cheti cha kuzaliwa au angalau ile taarifa ya kuzaliwa inayotolewa hospitalini. Karatasi za kliniki. Majina ya jamaa wanaojulikana. Na mpango wa malezi wenye tarehe za mapitio. Mafaili 9 kati ya yale 38 yalikuwa na karibu vyote hivyo. Mengine yalikuwa na viwili au vitatu. Watoto 11 walikuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, jambo lililonifanya nidhani kwanza kuwa nimesoma vibaya, hadi nilipokumbuka kwamba ndiyo siku ambayo karani hujaza pale ambapo hakuna anayejua siku halisi. Nimewahi kuijaza mimi mwenyewe, katika maisha yangu ya kazi, katika fomu za watu wazima wazee. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtoto anayesherehekea keki ya siku hiyo.

Faili namba 17 lilikuwa na karatasi moja. Ilikuwa nusu ya ukurasa uliochanwa kutoka daftari la shule, wenye jina moja la mtoto, maneno “Machakos Country Bus”, yaani ile stendi ya mabasi ya Nairobi, na tarakimu ambazo maji yalikuwa yamezila nusu. Nilikuwa nimeishika pale dirishani ili nione vizuri, mvulana wa miaka 9 hivi alipochungulia mlangoni. Anajua kusoma. Aliliona jina lake juu ya jalada.

“Anti, hilo ni langu?”

Nikamwambia ndiyo.

“Kuna nini ndani?”

Katika masjala tulifundishwa kuwa swali la mwananchi kuhusu faili lake hujibiwa na ofisa mwenye mamlaka, wala si karani. Nilijificha nyuma ya kanuni hiyo na kumwambia akamwulize msimamizi. Nadhani aliniona nikificha ile karatasi kwa kiganja. Ilikuwa ndogo vya kutosha kufichika.

Sheria yetu, ikisomwa mezani, haina upungufu mkubwa katika jambo hili. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa, haki ya malezi ya wazazi, na ulinzi dhidi ya dhuluma na kutelekezwa. Tena inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo na kuiondoa ile ya 2001, inatambua njia kadhaa za kumlea mtoto asiyekuwa na mzazi wa kumtunza: kuwekwa kwa jamaa, ulezi wa kisheria, familia ya kumlea kwa muda, kafala kwa Waislamu (kumlea mtoto bila kumbadilisha ukoo), kuasiliwa (wazee wangu wangesema mtoto wa kupanga), na mwisho kabisa taasisi. Mwaka huohuo serikali ilizindua mkakati wa miaka 10, wa 2022 hadi 2032, wenye lengo la kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia, huku makao yenyewe yakigeuzwa kuwa vituo vya kuzisaidia familia za jirani. Kabla ya hapo, mnamo Novemba 2017, usajili wa makao mapya ulikuwa umesitishwa. Bado makadirio yanayotumiwa na serikali na washirika wake ni ya zaidi ya watoto 40,000 nchini wanaolala katika makao ya aina hii, na wengi wao wana mzazi mmoja aliye hai au jamaa wa karibu. Neno “yatima” tunalolipaka kwenye vibao vya langoni ni la uongo mara nyingi, ingawa huvuta wafadhili.

Sasa jiulize, njia hizo zote zilizotajwa na sheria zinamfaaje mtoto wa faili namba 17. Hawezi kurudishwa kwa jamaa kwa sababu hakuna aliyeandika jamaa ni nani. Hawezi kuasiliwa, kwa sababu mtoto lazima kwanza atangazwe kisheria kuwa yuko huru kuasiliwa, na hilo linadai ushahidi kwamba wazazi walitafutwa wakakosekana au kwamba wameridhia. Hawezi hata kukaa pale kihalali, kwa kuwa hakuna amri ya mahakama iliyomweka. Akifika darasa la mtihani wa kitaifa, cheti cha kuzaliwa kitaulizwa. Akifikisha miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, ataulizwa vya wazazi wake. Kwa hiyo anabaki palepale, analishwa, anavishwa, anaombewa na wageni wa Jumamosi, na kila mwaka unaopita unaifanya njia ya kwao kuota nyasi.

Hilo ni upande wa ustawi. Upande wa usalama unatisha zaidi, na watu hawaupendi uzungumzwe. Mtoto ambaye hakuna karatasi inayosema yuko hapa anaweza kuhamishwa usiku, au kutolewa kwa mtu, na hesabu ya makao isionyeshe pengo lolote. Alama za kipigo ambazo hazikuandikwa siku ya kwanza haziwezi kutofautishwa na za mwezi wa sita. Mfanyakazi aliyefukuzwa makao moja kwa kumgusa mtoto huhamia makao ya pili akiwa na barua nzuri, kama kule alikotoka hakuna kumbukumbu ya lalamiko. Nimewasikia watu wa makanisa wakisema kwamba karatasi ni urasimu na kwamba kinachohitajika ni upendo. Waswahili walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Naona walisahau kuitaja kazi ya kuandika mwana huyo alikotoka, labda kwa sababu zamani kila mtu mtaani alikuwa akijua.

Kuna uchunguzi mmoja ambao watu wanaoshughulikia mageuzi ya malezi huutaja sana, ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, Romania, na watafiti wa Marekani Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah. Walichukua watoto 136 wachanga na wadogo waliokuwa katika taasisi, nusu yao wakapangiwa kwa kura kwenda katika familia za kuwalea, nusu wakabaki katika malezi ya kawaida ya huko. Walioingia katika familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, na walionufaika zaidi kwa jumla ni wale waliotoka kabla ya kutimiza miaka 2. Ninapoukumbuka uchunguzi huo huwazia vitanda vya chumba cha watoto wachanga pale kwenye makao yetu, na jinsi mfanyakazi mmoja wa zamu ya usiku anavyowabadilisha nepi kwa mstari, kutoka kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, bila kujali ni yupi anayelia. Si mkatili. Ni mmoja.

Nilimwuliza msimamizi kwa nini mafaili yako hivyo. Hakukasirika. Alinieleza kwamba watoto wengine waliletwa na polisi saa 4 za usiku na askari akaahidi kurudi na karatasi, wengine waliletwa na majirani, na mmoja aliachwa langoni ndani ya karai. Alinieleza pia habari za Machi 2020, wakati wa korona, ambapo makao yalielekezwa kuwaachilia haraka watoto wenye familia. “Tulikuwa na siku chache tu, Mama. Tukafungua mafaili kutafuta nambari za simu. Nyingi hazikuwa zikipatikana. Wengine tuliwapeleka kwa kuuliza njia tu, kama watu wanaotafuta mbuzi.” Baadhi ya watoto hao walirudi wenyewe baadaye. Wengine hajui waliko mpaka leo. Kwangu maelezo hayo yanamtetea na kumshtaki kwa wakati mmoja, kwa sababu makao yaliyokuwa na mafaili kamili yalikuwa angalau na mahali pa kuanzia.

Afisa wa watoto wa kaunti ndogo alifika wiki iliyofuata, mwanamke mtulivu mwenye begi zito, anayehudumia eneo kubwa kuliko nguvu za mtu mmoja. Nilikuwepo, nikiwa tayari nimemwandalia orodha safi ya upungufu wa kila faili, nikitarajia sifa. Aliisoma yote, akaifunga, kisha akauliza kwa heshima, “Na wewe, mama, ni nani katika jambo hili?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mgeni aliyeletwa na pilau. Nilikuwa nimesoma habari za watoto waliobakwa, za mama mgonjwa wa akili, za hali ya afya ambazo hata mwalimu wa mtoto hapaswi kuzijua, na sikuwa nimeweka sahihi popote kwamba nitazihifadhi. Hakuna aliyejua kama nina kosa la jinai. Mtu yule yule aliyekuwa akilalamika kwamba watoto hawalindwi na karatasi alikuwa amepewa karatasi zao zote bila ulinzi wowote. Afisa hakunikaripia. Alimwambia msimamizi kwamba kabati lazima liwe na kufuli, kwamba watu watakaoshika mafaili waandikwe kwa majina, na kwamba kama mimi nataka kuendelea kusaidia basi niombe cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, niweke sahihi kanuni za ulinzi wa mtoto za makao hayo, na nifanye kazi akiwepo mfanyakazi wa makao. Makao hayakuwa na kanuni zilizoandikwa. Ziliandikwa mwezi huo, kurasa 4, na mimi nikawa wa kwanza kuzitia sahihi. Kwa sababu hiyo pia nimebadilisha humu mambo madogo madogo, ili mtoto yeyote asitambulike.

Tukaja kwenye picha. Katika kundi letu la WhatsApp tulikuwa na mamia ya picha za watoto hao, wakiwa wamebeba pakiti za unga zilizo kubwa kuliko vifua vyao, na nyingine tulizisambaza kwa wafadhili na kwenye kurasa zetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na mwaka 2023 shule moja hapa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Hao ni watoto ambao wazazi wao wapo na wanaweza kulalamika. Nani angelalamika kwa ajili ya hawa? Tena kuna mtoto aliyefichwa pale kutokana na baba anayemtafuta kumdhuru, na picha yake mbele ya kibao chenye jina la makao ilikuwa imepita simu nyingi kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema iliishia wapi. Tulizifuta. Kufuta kwenye simu 22 za akina mama wenye umri wetu kulichukua kikao kizima na msaada wa mjukuu wa mtu.

Sitaki ionekane kwamba chama kilibadilika kwa furaha. Nilipopendekeza kwamba ziara ya katikati ya mwaka isifanyike na fedha zake zitumike kwa nauli za kuwatafuta jamaa wa watoto na kulipia maombi ya vyeti vya kuzaliwa, mweka hazina aliniuliza, “Dada yangu, sisi tulianza chama kulisha watoto ama kufungua ofisi?” Wengine wawili waliondoka. Nilikuwa nimefanya hesabu: ziara moja ilitugharimu shilingi 23,400. Mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, ulio chini ya Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Kwa hiyo pilau yetu ya siku moja, pamoja na soda na usafiri, ilikuwa karibu sawa na kile ambacho nyanya mmoja hupewa kulea wajukuu mwaka mzima. Mweka hazina alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba watoto wataona tumewatupa. Hoja hiyo sikuweza kuipangua, na mpaka leo siwezi, kwa maana ni kweli kwamba walikuwa wakizihesabu Jumamosi zetu. Tuliafikiana tuende bila magari na bila kamera, watu watatu kwa zamu, kila mmoja akiwa na cheti chake, na vitabu vya kusomea.

Zile tarakimu zilizoliwa na maji kwenye faili namba 17 zilikuwa za OB. Afisa alizitambua kwa jinsi zilivyopangwa, kwa kuwa nambari hizo hubeba tarehe ndani yake, na ingawa mwanzo ulikuwa umefutika, mwezi na mwaka vilisomeka. Alikwenda kituo cha polisi, akaomba kitabu cha mwezi huo, na baada ya safari ya tatu akapata maandishi ya mistari minne: mvulana aliyepotea katika stendi, anayesema alikuja na mjomba, anayetaja jina la shule. Jina la shule lilifikisha habari kwa chifu wa upande wa Mwingi, na chifu akasema kwamba bibi mmoja aliwahi kufika ofisini kwake kuripoti mjukuu aliyepelekwa Nairobi na asirudi. Barua ya bibi huyo ilikuwa bado ndani ya faili la chifu. Niliposikia hivyo nilifurahi kitaalamu, kwa aibu kidogo: mtu fulani, katika ofisi ya mabati, alikuwa ameweka karatasi mahali pake kwa miaka mitatu.

Ningependa kuandika kwamba nyanya alikuja akilia na kumchukua mtoto siku hiyo. Alikuja, na hakulia. Analea wajukuu wengine wawili, mvua ilikuwa imekosa kunyesha kwao, na alipoulizwa kama yuko tayari alisema, “Mimi simkatai. Mniambie tu atakula nini.” Nimeona watu wakilisikia jibu hilo na kukunja uso, kana kwamba mapenzi yanapaswa kuja bila hesabu. Mimi nililiona kuwa jibu la mtu wa kwanza, katika habari nzima ya mtoto huyu, aliyefikiria kesho yake. Afisa aliandika neno kwa neno. Sasa jina la nyanya limeombewa msaada wa fedha, shule ya kijijini imekubali kumpokea mtoto, mwenyekiti wa kijiji amefika nyumbani na kuona pa kulala, na mtoto alikaa huko likizo ya Agosti kwa wiki mbili kabla ya kurudi Nairobi, ili asirushwe kama mzigo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nambari ya simu ya watoto, 116, ambayo hupigwa bila malipo, aliandikiwa nyuma ya daftari lake na akaambiwa kwamba anaweza kuitumia akiwa makao au akiwa kwa nyanya.

Faili namba 17 lina karatasi 14 sasa. Ya mwisho ni fomu ya mapitio, yenye sehemu ambapo mtoto mwenyewe hueleza anataka nini, kwa kuwa sheria inadai asikilizwe kulingana na umri na upeo wake. Siku ile tulikuwa watatu ofisini, yaani afisa, msimamizi na mimi, na safari hii mvulana aliketi mezani na faili likafunguliwa mbele yake, ukurasa baada ya ukurasa. Aliangalia sana ile nusu ya karatasi ya daftari. Kisha afisa akampa kalamu ya wino ili ajaze sehemu yake, naye akauliza kama anaweza kutumia penseli, kwa sababu huenda akabadilisha mawazo baada ya Desemba.

Afisa alinitazama mimi, kama mtu wa mafaili. Katika miaka 27 ya masjala sikuwahi kuruhusu penseli ndani ya faili la serikali. Niliitoa moja mkobani nikampa.